Nilivyoanza kuuza doti moja moja kwenye duka la korja

Kwa miaka mitano duka langu la mtandaoni lilijua kuhesabu korja tu, yaani mafungu ya vipande ishirini. Niko Kariakoo, nauza khanga kwa jumla, na wateja wangu ni wenye maduka ya mikoani: Singida, Tabora, Songea, na wachache Zanzibar. Tovuti ilikuwa ya kuwarahisishia wao. Mtu anaingia kwa akaunti yake, anaona bei, anaagiza korja tatu, analipa benki au tunapeana mali kauli kama tunajuana, nafunga roba, basi linaondoka. Asiye na akaunti alikuwa anaona picha bila bei.

Hao wasioona bei ndio walionisumbua. Kila siku meseji: "Dada, naomba doti moja tu." Doti ni jozi, vipande viwili. Najibu kwa adabu kwamba hatuuzi rejareja. Siku moja mvua imenyesha, duka halina mtu, nikahesabu meseji za wiki nzima. Zilikuwa 43. Watu 43 wenye hela mkononi, na mimi nawaonyesha mlango.

Kijana aliyenitengenezea tovuti, inayotumia programu za WordPress na WooCommerce, akaniambia ni kazi ya siku moja. Tukaandikisha kila khanga mara mbili: moja ya kuuzwa kwa korja, nyingine kwa doti. Ikaonekana safi. Kumbe tovuti haijui kwamba korja na doti ni mzigo uleule uliopo stoo. Siku hiyohiyo mteja wa Tabora akalipia korja ya mwisho ya khanga nyekundu, na watu watatu wa Dar wakachukua doti moja moja ya khanga hiyohiyo. Nikabaki na doti kumi za kuwapa watu waliolipia kumi na tatu. Walioambulia samahani na kurudishiwa hela ni wale watatu. Tabora sikuthubutu kumgusa.

Tukafuta, tukaanza upya. Sasa khanga moja inaandikishwa mara moja, na inahesabiwa kwa doti. Mteja wa kawaida anaanzia 1. Mwenye akaunti ya jumla hawezi kuchagua isipokuwa 10, 20, 30 na kuendelea. Hapo likazuka jambo ambalo miaka yote halikuwahi kunisumbua. Korja ni ishirini, hilo halina ubishi. Ubishi ni ishirini za nini, vipande au doti. Wateja wangu wa zamani wanajua ninavyohesabu. Wageni hawajui. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa nimeandika wazi: korja 1 ni vipande 20, yaani doti 10. Pia kila aina naitengea korja moja ya kufunguliwa, ndiyo ya rejareja, na hiyo wa jumla hawaioni kabisa kwenye hesabu yao. Ikiisha nafungua nyingine. Sifungui roba la mtu kwa ajili ya doti moja, hata anayeomba awe shangazi yangu.

Kwenye bei nilikaa wiki mbili. Kwa jumla doti ilikuwa 9,000. Mwenye duka mkoani anaiuza 13,000, wakati mwingine 13,500. Mdogo wangu alitaka niweke rejareja 11,000: "Utauza mpaka uchoke." Ni kweli ningeuza. Na ikifika Idi ningekuwa nimewaua walionilisha miaka mitano. Nikaweka 14,000, VAT ikiwa humohumo, na usafiri juu ya mnunuzi. Mdogo wangu akanuna. Lakini mtu wa Mbagala akipiga hesabu ya nauli, jua na kusukumana Mtaa wa Congo, anaona hiyo tofauti si kitu.

Nilipodhani nimemaliza, ikaingia simu ya Singida. Ni mama mmoja mtu mzima, nimemrithi kutoka kwa mama yangu mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mimi na wewe tumekosana?"

"Hapana mama, kwa nini?"

"Kuna binti kaja dukani, kashika simu, kanionyesha khanga zangu kwa 9,000. Kaniuliza mbona mimi mwizi."

Nilisikia joto masikioni. Nikachukua simu ya jirani ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yoyote, nikafungua tovuti. Kweli, bei ya jumla imekaa wazi kama kitanda cha mitumba. Kisa ni hiki: ili tovuti ifunguke haraka, seva ilikuwa inahifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kufunguliwa na kumpa anayefuata. Mteja wa jumla akifungua, nakala inahifadhiwa ikiwa na bei yake, halafu anayekuja nyuma, hata kama ni mpita njia, anapewa ileile. Ni kama kuwa na muuza duka anayemsomea mteja mpya risiti ya mteja aliyetoka. Tulizima uhifadhi huo kwa kila aliyeingia kwenye akaunti, na mpaka leo kila Jumatatu naazima simu ya mtu nichungulie. Ukiuza jumla na rejareja mahali pamoja, anza na jaribio hilo kabla hujamwambia mtu yeyote. Mimi nililifanya baada ya kutukaniwa mteja.

Kutengeneza seva kulichukua saa moja, kumtuliza mama kukachukua muda zaidi. Nikagundua kosa langu la kwanza si seva: nilianza rejareja bila kuwaambia wateja wa jumla, nikitumaini hawataona. Nikawapigia wote, mmoja mmoja, nikawatajia bei ya 14,000 na kwa nini. Halafu nikaongeza kitu kwenye tovuti: ukiandika kwamba uko Singida, kabla hujafika kwenye malipo unaonyeshwa duka la huko lenye khanga zetu. Ukitaka kwenda, nenda. Baadhi wanakwenda, nami sioni hasara, maana doti ile ilishatoka kwangu.

Baada ya hapo ndipo nilipojua kwamba hawa wateja wawili hawanunui kitu kimoja. Wa jumla ananunua mchanganyiko wa rangi na mzigo unaotoka haraka. Picha zangu zote zilikuwa za khanga zimekunjwa, zimepangwa, zinapendeza. Wa rejareja anauliza swali moja: "Imeandikwaje?"

Binti mmoja wa Tegeta aliagiza khanga ya kijani ya kumpelekea mama mkwe. Kwenye picha jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, lilisomeka kwa mbali, WEMA HAUOZI. Mzigo uliokuwepo stoo wakati huo ulikuwa ni mji uleule (mchoro wa katikati), pindo lilelile, kijani kilekile, ila toleo jipya lenye jina jingine. Kwa wa jumla hilo halijawahi kuwa kesi. Mama mkwe akaifungua mbele ya wageni, akaisoma: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Binti anasema hakutamka neno. Aliikunja taratibu, akairudisha kwenye mfuko, akauweka mfuko miguuni pa aliyeuleta.

"Dada, umenigombanisha na mkwe wangu," ndivyo alivyoanza simu. Nilimtumia bodaboda jioni ileile na NANI KAMA MAMA, pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono kwamba kosa ni la duka. Hela sikuchukua.

Tangu hapo kila mzigo unaoingia unapigwa picha upya, upande wa maandishi ukiwa umefunguliwa, na jina linaandikwa kwa herufi ili mtu aweze kulitafuta. Kwa aina 180 tulizokuwa nazo, mimi na mdogo wangu ilituchukua karibu miezi miwili, usiku usiku, tukigombana kama "h" imeandikwa au haikuandikwa.

Malalamiko mengine yalinichekesha. Vijana walikuwa wanapiga simu: "Nimelipia mbili, imekuja moja ndefu." Khanga hutoka kiwandani vipande viwili vikiwa vimeshikana, bibi zetu hawahitaji kuambiwa, lakini aliyezoea kurithi za mama yake hajawahi kuona isiyokatwa. Nikamleta fundi barazani. Ukiongeza 1,000 unakatiwa na kupindiwa, na zaidi ya nusu ya wateja wa rejareja huongeza.

Malipo ni Lipa namba, na situmi mzigo kwa meseji anayonionyesha mteja; naangalia kwangu kwanza. Ya Dar inakwenda na bodaboda, ya mkoa inapelekwa stendi ya Mbezi. Risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zimekuwa ndefu kama mkufu: zamani nilitoa nane kwa siku, sasa natoa thelathini na kitu, nyingi za rejareja, ambayo hela yake haifiki nusu ya ile ya mauzo ya jumla.

Ila kuna kitu rejareja imenipa ambacho sikukitafuta. Tovuti inanionyesha maneno wanayoandika watu kwenye kisanduku cha kutafutia. "Mama" ndilo linaloongoza, kila wiki. Mwezi uliopita likaanza kujitokeza "samahani", na mimi sina hata khanga moja yenye neno hilo. Sasa kabla ya kuagiza mzigo naangalia hapo kwanza, na mama wa Singida amelijua. Jumatatu asubuhi, hata salamu hazijaisha, anauliza: "Enhe, wiki hii wanatafuta jina gani?"