Nilivyoshika sare nikiwa nimepungukiwa askari mmoja

Wachezaji wengi wa sataranji wa ngazi yetu hapa Nairobi wakibaki na ngome dhidi ya ngome na askari mmoja, hunyoosha mkono kukubali kushindwa. Mimi sikukubali, maana Mfaransa Philidor alishaonyesha mwaka 1777 jinsi ya kuiokoa.

Nilikuwa nyeusi: mfalme e8, ngome b6 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Mwenzangu alikuwa na mfalme d5, askari e5, ngome a7. Ngome yangu ikikaa mstari wa 6, mfalme wake hapati njia ya kupanda d6 wala e6. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kungoja tu, ngome ikienda g6 na kurudi b6. Hata h6 inafaa. Miraba mingine ya mstari huo inaliwa: a6 na ngome, c6 na e6 na mfalme, d6 na f6 na askari.

Hapa ndipo watu huharibu. Wanaharakisha kuishusha ngome chini askari akiwa bado e5. Mfalme mweupe anapanda e6, askari anamkinga kwa nyuma, na ulinzi unakuwa mgumu mara dufu.

Alipomsukuma askari hadi e6, nilishusha ngome papo hapo hadi b1. Mfalme wake akaja d6, akinuia ngome a8 na mchezo kwisha. Lakini sasa hana pa kujificha: cheki (kumshambulia mfalme) d1, akienda e5 cheki e1, akijaribu f6 cheki f1. Umbali ndio unaookoa. Ngome ikiwa karibu, mfalme anaifuata na cheki zinakatika.

Akaanza kurudia d6, e5, d6, e5. Kudai sare kwa hali kujirudia mara 3 kuna utaratibu wake, na ukiukosea unapoteza haki kwa hatua hiyo. Hali ilipokaribia kutokea mara ya 3, niliandika ngome d1 kwenye karatasi bila kugusa kete yoyote, nikasimamisha saa, nikamwita mwamuzi.

"Mwalimu, nadai sare. Nikicheza hii, hali inajirudia mara ya 3."

Dai likiwa na kosa, mpinzani huongezewa dakika 2 na hatua uliyoandika lazima uicheze. Mwamuzi alifuata karatasi hatua kwa hatua, akaridhika. Tukaandika ½–½, tukatia sahihi.