Ukungu Usiofutika: Nilivyojua Dirisha Lipi Libadilishwe na Lipi Liachwe

Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nikifuta kioo cha dirisha la sebuleni na hakifutiki. Nilianza na gazeti, nikaja na kitambaa chenye siki, nikatoka nje na ndoo nikafuta upande wa pili. Ukungu upo palepale, kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno na kioo. Asubuhi moja mwanangu akiwa nje anacheza, nikaweka kidole changu kwenye lile doa kwa ndani, naye akaweka chake kwa nje, vidole vikatazamana. Nikamuuliza, "Kwako kuna maji?" Akasema, "Hapana, mama, pakavu." Kwangu pia palikuwa pakavu. Basi maji yalikuwa katikati ya vioo viwili, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nyumba yetu ina madirisha 11, yote ya vioo viwili, na tuliyakuta yakiwa yameshawekwa. Mume wangu akapiga simu, akaja muuzaji wa madirisha. Alilitazama lile la sebuleni, akapita vyumbani kwa muda usiozidi dakika kumi, akatuambia yote yamekwisha maisha yake, tubadilishe kwa mkupuo. Nilimwomba atuachie makadirio kwa maandishi, nikamshukuru, akaenda. Jumla ilinishtua, lakini kilichonikera zaidi ni ile "yote". Madirisha mengine hakuyafungua hata mara moja. Nikachukua daftari la mwanangu la zamani, nikalipa kila dirisha ukurasa wake.

Kwanza ilibidi nielewe kitu chenyewe kimeundwaje. Vioo viwili hivyo havijagusana. Vimetenganishwa na ukanda mwembamba unaozunguka kingo zote nne. Kwetu ni wa alumini, na pengo ni milimita 16. Ukanda huo ni mtupu ndani, na ndani yake hujazwa chembechembe za kufyonza unyevu, jamii moja na zile za vifuko vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Kwenye ukingo kuna gundi ya tabaka mbili: ya ndani nyeusi na laini, kazi yake kuzuia mvuke usipenye, na ya nje ngumu zaidi, inayoshika vioo pamoja. Katikati huwa na hewa kavu, au gesi ya agoni, ambayo hupitisha joto pungufu ya hewa kwa takriban theluthi moja.

Sasa fikiria kazi ambayo gundi hiyo inafanya. Jua likipiga, hewa iliyofungiwa inapanuka na kuvitutumua vioo kwa nje. Usiku inasinyaa na kuvivuta ndani. Ni kila siku, mwaka hadi mwaka. Gundi inachoka, mvuke unaanza kupenya kidogo kidogo, na zile chembechembe zinaunywa bila wewe kuona chochote. Siku unayouona ukungu ndiyo siku chembechembe zimeshiba na haziwezi tena, ila gundi yenyewe ilishaachia muda mrefu nyuma. Nilipolielewa hilo niliacha kujilaumu kwamba kuna kitu nilikifanya wiki ile.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kila ukurasa wa daftari likawa moja: maji yako upande gani?

Chumbani kwetu kioo kilikuwa kikitiririka kila asubuhi hadi kizingiti kinalowa, nami nilishaliandika dirisha hilo kuwa ndilo bovu kuliko yote. Nikagusa: maji yako kwa ndani, upande wa chumba. Hayo ni maji yetu wenyewe, pumzi za usiku kucha na nguo zinazoanikwa chumbani. Nikanunua kipima unyevu, kidude kidogo cha kuweka mezani, na asubuhi ya kwanza kikasoma asilimia 72. Chumba chenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 9 hivi. Unyevu ukipanda, kioo hakihitaji hata kupoa sana kabla hakijalowa. Tukahamisha kamba ya nguo, tukaanza kufungua dirisha robo saa kila tukiamka na kuacha upenyo wa hewa wazi usiku. Haikuisha wiki mbili, kioo kikawa kikavu. Dirisha hilo lilikuwa zima kabisa, na lilikuwemo kwenye makadirio ya yule muuzaji.

La jikoni lilinichanganya zaidi kwa sababu alfajiri umande ulikuwa nje. Nilidhani ni dalili mbaya. Kumbe ni kinyume chake: joto la ndani halitoroki kufika kioo cha nje, hivyo kioo hicho kinapoa usiku kama bati la paa na kukusanya umande, kisha jua likichomoza unakauka. Ukiona hivyo, dirisha lako linafanya kazi yake vizuri.

Ukungu wa katikati una tabia ya kujificha. Mchana wa jua hauoni kitu, na mtu akija kukagua saa nane atakwambia kila kitu ni sawa. Nilikagua alfajiri na usiku kwa wiki tatu, na ndipo nikapata manne yenye ugonjwa wa wazi: mawili ya sebuleni, la ngazini na la chumba cha mwanangu. Hilo la ngazini lilikuwa limefika mbali. Hata lilipokauka lilibaki na michirizi myeupe mithili ya chumvi, na hiyo haiondoki, kwa kuwa iko ndani mle usikofika. La koridoni lilikuwa na doa dogo tu la ukubwa wa sarafu kwenye kona ya chini, linaloonekana asubuhi zenye baridi kali peke yake.

Usiku mmoja nilipokuwa nakagua kwa tochi niliona kitu ambacho kilibadilisha hesabu yote. Kwenye ule ukanda wa alumini, ndani ya pengo, kuna maandishi madogo yaliyopigwa chapa, na miongoni mwake kuna mwaka wa kutengenezwa. Nikaenda dirisha hadi dirisha nikisoma. Manane yalikuwa ya mwaka mmoja, miaka 21 iliyopita. Mawili, la jikoni na la chumbani kwetu, yalikuwa mapya kwa miaka 12, ingawa fremu zake zilikuwa zilezile za wenzake, na mikwaruzo yake ya kizee. Yaani aliyekaa kabla yetu alibadilisha vioo tu akaacha fremu! Nilimwamsha mume wangu kumwambia. Tangu mwanzo tulikuwa tunaongea kana kwamba kioo na dirisha ni kitu kimoja.

Nikawasha na mshumaa mbele ya kioo gizani. Vioo viwili vina nyuso nne, kwa hiyo utaona ndimi nne za moto zimejipanga. Kwenye madirisha ya zamani zote zilikuwa rangi moja. Kwenye yale mawili mapya, ulimi mmoja ulikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali: hapo kuna utando mwembamba wa metali unaorudisha joto chumbani. Kwa kioo cha zamani kisicho na utando, chenye hewa ya kawaida, joto linalopotea ni kama wati 2.8 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chenye utando na agoni hushuka hadi 1.2 au chini kidogo. Nikajua tukibadilisha kioo peke yake, katika fremu ileile, bado tunapata faida kubwa.

Upepo ni habari nyingine, na watu wengi huchanganya. Bafuni hakukuwa na ukungu hata chembe, lakini ukikaa karibu na dirisha shingo inapoa. Niliwasha kijiti cha ubani siku ya upepo, nikakipitisha taratibu kuzunguka fremu. Moshi ulipanda wima hadi nilipofika kona ya chini upande wa kitasa, hapo ukalala na kukimbilia ndani. Nikafungia ukanda wa karatasi kati ya ubawa wa dirisha na fremu, nikauvuta: pande zote uling'ang'ania, pale konani ukatoka kama siagi. Kelele za barabarani pia zilikuwa zikiingilia hapohapo. Bawaba zilikuwa zimelegea, ubawa umeshuka kidogo, na mpira wa kuzibia umekauka na kubonyea. Hilo ni shauri la bawaba na mpira, halihusiani na vioo.

Nikiwa na daftari langu nikamtafuta fundi vioo mzee ambaye jirani alimsifu. Nilimwamkia, nikampa chai, nikamwonyesha kurasa zangu moja baada ya nyingine, naye akazisoma zote kwa miwani bila haraka. Kisha akasema, "Mwanangu, kioo kikifa si lazima dirisha life. Lakini tuangalie kwanza kimeuawa na nini."

Akaanza na lile la sebuleni. Alichomeka patasi pana isiyo na makali kati ya fremu na fito za plastiki zinazoshika kioo, akaibana kidogo, ufito ukaruka kwa mlio mkavu. Zilipotoka zote nne, akakitoa kioo kwa vibandiko vya kunyonya, akaniita nisogee. Chini ya fremu palikuwa na maji yamesimama, meusi, yana harufu ya mtaro. Ukingo wa chini wa kioo ulikuwa umekaa ndani ya maji hayo moja kwa moja. Fundi alivuta ile gundi kwa ukucha ikabanduka kama ubani uliotafunwa, wakati ya ukingo wa juu ilikuwa bado ngumu hata kisu kinateleza.

Fremu za aina hii, akanieleza, hazikuumbwa zisipate maji kabisa. Mvua ikipenya kidogo hutakiwa itoke kupitia matundu yaliyoko chini kwa nje. Yetu yalikuwa mawili, moja limezibwa na rangi ya ukuta, jingine na udongo wa nyigu. Na kioo kilitakiwa kikalie vipande vidogo vya plastiki ngumu ili kiinuke juu ya unyevu. Aliyekiweka hakuweka hata kimoja. Juu ya hayo, mtu alikuwa amepaka kwenye kona silikoni ile yenye harufu ya siki, pengine akidhani anasaidia. Asidi inayotoka kwenye silikoni hiyo inapokauka inaweza kuidhuru gundi ya kioo.

Akazibua matundu kwa waya, akaniambia nimimine glasi ya maji ndani ya fremu. Nikamimina. Sekunde chache tukayaona yanatoka nje na kuchuruzika ukutani. Nilisimama pale na glasi tupu nikiwaza kwamba yule muuzaji angetuwekea kioo kipya, na sisi tungefurahi, na tundu likizibwa tena kingeoza vilevile. Siku hiyohiyo nilizunguka nyumba nzima na waya na glasi ya maji. Madirisha matano yalikuwa na matundu yaliyoziba.

Dirisha moja tu tulikubaliana liondoke zima, la chumba cha nyuma, ambalo fremu yake ni ya mbao na ambalo ukanda wake hata mwaka haukusomeka. Kioo chake hakikuwa na ukungu wa kutisha. Lakini nilipobonyeza bisibisi kwenye mbao za chini iliingia karibu sentimita 2 bila nguvu, na nilipopima kwa tepu kutoka kona hadi kona, vipimo viwili vilivyopaswa kulingana vilitofautiana kwa milimita 11. Fremu iliyooza na kupinda hivyo haishiki kioo kipya. Hapo sikutaka kubahili.

Kuna mtu alinishauri vioo vyenye ukungu vitobolewe tundu dogo, vikaushwe, vizibwe tena. Nilikataa. Gundi ya ukingo inabaki ileile mbovu, chembechembe zimeshajaa, na gesi kama ilikuwepo ndiyo imekwenda. Unapata kioo cheupe kwa muda tu.

Kuagiza hakukuwa na mambo mengi: upana, urefu na unene wote, kwetu milimita 24, yaani 4 za kioo, 16 za pengo, 4 za kioo, ili vikae kwenye fremu zilezile. Fundi alishikilia kwamba cha ngazini kiwe kioo kigumu cha usalama, kwa kuwa kinafika karibu na sakafu na mtoto anaweza kukigonga. Vinne vikawekwa kwa siku moja, kila kimoja juu ya vipande vyake vya plastiki. Bafuni alibadilisha bawaba na mpira, nikarudia karatasi yangu, ikakatika kabla haijatoka.

Matano hayakuguswa, zaidi ya kuzibuliwa matundu. Mojawapo ni lile la koridoni lenye doa la sarafu. Nililizungushia doa lile mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, juu ya kioo kwa ndani, nikaandika tarehe pembeni yake. Asubuhi yenye baridi ya wiki iliyopita niliamka mapema nikaenda kulitazama na tochi. Limevuka mstari kwa upana wa kidole kimoja. Nimeandika tarehe nyingine, na vipimo vyake vipo tayari kwenye ukurasa wake.