Mrututu na gramu 7.1 zilizogoma

Jumamosi. Nimepata mrututu Marikiti, kipakiti cha vibonge vya buluu. Muuzaji akaniuliza, "Ni cha kidonda, mwanangu?" Nikamwambia la, nataka kuutoa maji. Akaupindua mkononi: "Maji gani, na mkavu hivi?"

Maji yamo, ila hayaloweshi. Mrututu ni salfeti ya shaba, na ndani ya fuwele zake kila shaba moja ina molekuli 5 za maji. Gramu 10 za mrututu zina maji gramu 3.6, kwa hiyo nilitarajia kubaki na 6.4.

Nikauponda, nikapima gramu 10.0 katika kibakuli cha kauri, nikautia kwenye oveni, nyuzi 110. Baada ya saa mbili buluu yote imepauka. Mizani ikasema 7.1. Nikaurudisha nusu saa: 7.1. Tena: 7.1. Nikaishuku mizani, japo kimoyomoyo, maana ni ya kuazima kwa sonara.

Jumapili. Mizani haina kosa. Maji hayatoki yote kwa mkupuo. Molekuli 4 ni gramu 2.9, na 10 ukitoa 2.9 ni 7.1 kamili! Ile ya tano ndiyo king'ang'anizi. Haitoki mpaka joto lipite nyuzi 200 hivi, na kioveni changu hakifiki huko.

Basi nikawasha jiko la makaa uani, sufuria kuukuu nikaijaza mchanga, kibakuli nikakizika humo. (Sufuria hiyo hairudi tena jikoni, mrututu ni sumu.) Safari hii 6.4, unga mweupe wa kijivujivu. Nikadondoshea maji tone moja pembeni: buluu ikarudi papo hapo, na kibakuli kikapata moto vidoleni.

Jumatatu. Uzembe wangu: nilikiacha dirishani usiku kucha bila kifuniko. Mji huu hata chumvi ya mezani hulia kwa unyevu wa hewa, sembuse unga wenye kiu namna hii. Asubuhi juu umeota ubuluu, na mizani inasoma 6.9. Wa pili nitautia kwenye chupa ya jemu ungali na uvuguvugu, nikaze kifuniko.

Nimejaribu na shabu pia, ile ya kusafishia maji. Yenyewe ina molekuli 12, karibu nusu ya uzito wake. Haikupauka kwanza kama mrututu. Iliyeyuka ndani ya maji yake yenyewe, ikatoa povu, ikaumuka kama andazi hadi ikamwagikia mchangani. Vipimo sina. Natafuta kibakuli chenye kina.