Baba, stesheni masta, ndiye aliyenipandisha rola kosta

Mara ya kwanza kufika mbele ya rola kosta, ile treni ya starehe inayopanda na kuteremka kwa kasi, nilirudi nyuma. Nilikuwa Guangzhou, China, nimekwenda kufunga mzigo wa taa za sola na vifaa vya simu kwa ajili ya duka langu la Mwanga, hapa Kigoma. Siku ya Jumapili wenzangu walibaki hotelini Xiaobei wakilala, mimi nikapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya 3, nikashuka kituo cha Hanxi Changlong na kuingia kwenye bustani ya michezo ya Chimelong Paradise. Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka sita.

Mapenzi yangu na rola kosta yalianzia kwenye simu. Usiku nikishafunga duka nilikuwa natazama video zake moja baada ya nyingine, mpaka nikazijua kwa majina na urefu kama vijana wanavyojua wachezaji wa Simba na Yanga. Kigoma hakuna hata moja. Lakini ile hali ya tumbo kupanda hadi kifuani, ambayo wapenzi wa rola kosta duniani kote wanaitafuta, mimi niliijua tangu utotoni. Aliyewahi kupanda boti la mbao katika Ziwa Tanganyika, kutoka Kibirizi kwenda Kagunga, siku ya upepo anaifahamu. Wimbi linakuinua, boti linabaki juu kidogo, halafu maji yanaondoka chini yenu na nyote mnashuka kwa pamoja. Akina mama wanaita majina ya Mungu. Mimi nilikuwa naomba wimbi jingine lije.

Basi nilidhani niko tayari. Pale Chimelong kuna rola kosta inayompindua mtu kichwa chini miguu juu mara kumi katika safari moja. Imejengwa kwa kuifuata Colossus ya Thorpe Park, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2002 na kuwa ya kwanza duniani kufikisha mapindu kumi. Nilipanga foleni karibu saa nzima. Tulipokaribia jukwaa nikaanza kuisikia vizuri sauti ya treni ikivutwa kilimani: ka-ka-ka-ka-ka. Ilikuwa kama chuma kinachomeguka kipande kwa kipande. Kila treni iliyopanda, sauti ile ile. Mikono ikaanza kutoa jasho, mdomo ukakauka. Walipobaki watu wachache tu mbele yangu, nikamwomba kijana wa pale njia ya kutokea, akanionyesha.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa na huzuni ambayo sitaki kuipunguza. Nilikuwa nimelipa tiketi, nimesafiri kutoka upande mwingine wa dunia, na kitu nilichokipenda kuliko vyote kiko pale, lakini sikuweza kukipanda. Ilikuwa saa tisa alasiri China, yaani saa nne asubuhi Kigoma. Nikampigia baba kwa WeChat kupitia simu ya mdogo wangu.

Baba ni mstaafu wa reli. Alikuwa stesheni masta, na sisi tulikulia kwenye nyumba za reli: Nguruka, kisha Usinge, kisha Kaliua, pale njia inapogawanyika kwenda Mpanda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza yote. Hakunicheka, wala hakuniambia niwe mwanamume. Akauliza swali moja:

"Kwenye hiyo njia zinatembea treni ngapi kwa wakati mmoja?"

"Naona zaidi ya moja, baba."

"Nani anatoa laini klia?"

Sikujua. Akaniambia, "Basi usipande leo. Kaa hapo uangalie mpaka uniambie nani anatoa njia. Mtu hapandi treni asiyoijua inavyosimamishwa."

Wasomaji ambao hawakukulia relini niwaeleze. Reli yetu ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia chuma kile kile, zinapishana kwenye stesheni. Kwa hiyo treni haitoki Usinge mpaka Nguruka wathibitishe kuwa kipande cha katikati hakina kitu. Ruhusa hiyo ndiyo baba anayoiita laini klia. Aliifanyia kazi maisha yake yote, mchana na usiku, na hajawahi kuona kazi nyingine muhimu kuizidi.

Nikabaki uzioni mpaka jioni. Nikaacha kutazama watu waliokuwa wakipiga kelele na kuanza kutazama njia yenyewe. Nikaona kwamba treni ya nyuma haikuwa inaachiwa kuteremka kutoka kileleni kabla ile ya mbele haijapita mahali fulani. Nikaona pia kwamba treni inayorudi inakamatwa na breki nje ya jukwaa, inangoja, na iliyo ndani ikishaondoka ndipo hiyo inaingia. Njia ilikuwa imekatwa vipande, na kila kipande kilikuwa na treni moja tu. Ilikuwa Kaliua na Usinge na Nguruka, isipokuwa ruhusa ilikuwa inatolewa na kompyuta inayosoma vihisio vilivyofungwa relini.

Nilirudi hotelini usiku sijapanda, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Kuanzia hapo nilisoma kwa mwaka mzima, na kila nilichokipata nilimpelekea baba, tukikaa naye kibarazani Gungu baada ya chakula. Kilichomfurahisha zaidi ni asili ya rola kosta. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1827 kulijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mlimani pale Mauch Chunk, mabehewa yakishuka kwa uzito wake yenyewe. Baadaye watu wakaanza kulipa nauli ili washuke nayo kwa starehe tu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga ya kwake ufukweni Coney Island, New York, kwa nauli ya senti tano, ikienda mwendo wa kilomita kama kumi kwa saa. "Kumbe ni reli kweli," baba akasema, na tangu siku hiyo hakuiita tena mchezo.

Mimi nilichokitafuta zaidi ni ile sauti iliyonikimbiza. Nikagundua kwamba chini ya behewa kuna ulimi wa chuma, na katikati ya reli ya mlimani kuna meno yaliyopangwa kama ya msumeno. Treni inapovutwa na mnyororo, ulimi unapita jino moja, unaangukia nyuma yake, unapita la pili. Ndiyo ile ka-ka-ka. Mnyororo ukikatika, ulimi unashika kwenye jino na treni haiwezi kurudi nyuma hata nusu mita. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa sauti ya kinga yenyewe. Ningependa sana hili liandikwe kwa maandishi makubwa kwenye kila foleni, maana naamini wengi wanaorudi nyuma wanarudishwa na masikio.

Mambo mengine mawili yalinituliza. La kwanza ni magurudumu. Mwanzoni mwa karne iliyopita John Miller, fundi wa Kimarekani, aliweka magurudumu mengine chini ya reli, mbali na yale ya juu, na siku hizi yako pia ya ubavuni, hivyo reli imebanwa pande tatu na behewa halina pa kuchomokea. La pili ni breki. Nyingi zimetengenezwa zibane zenyewe, na upepo wa mashine ndio unaozifungua. Upepo ukikosekana, zinabana. Baba alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Hata kwenye treni yetu bomba la breki likipasuka au mabehewa yakiachana njiani, breki zinakamata bila dereva kugusa kitu.

Kisha nikarudi Guangzhou, msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton ya mwezi Oktoba.

Hapa nitasema mambo ya vitendo, kwa sababu mfanyabiashara ana tatizo lake ambalo mtalii hana: fedha. Huwezi kupanda rola kosta na dola za mzigo kiunoni, na mimi moyo wangu usingetulia nikiziacha kwenye kabati la bustani. Safari ya kwanza nilikuwa nazo mwilini, na sasa naamini nusu ya hofu yangu ilitoka humo. Safari ya pili nililipia mzigo kwanza, nikabaki na fedha ya kula, ya tiketi na ya treni. Pasipoti niliacha hotelini, nakala yake nikatembea nayo. Miwani, simu na funguo vyote havitakiwi mfukoni. Nilikula asubuhi wali kidogo na yai, saa mbili kabla ya kupanda. Tumbo tupu linazungusha kichwa, na tumbo lililojaa nadhani sihitaji kueleza.

Nilichagua kiti cha katikati ya treni. Kiti cha mbele unaona kila kitu, cha nyuma unarushwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu mabehewa ya mbele yakishateremka yanawavuta wa nyuma kwa kasi juu ya kilele. Katikati ni pa mwanafunzi. Kijana akashusha kishikizo cha mabegani, akakivuta kuhakikisha, akaenda kwa mwingine. Nikaegemeza kichwa nyuma kabisa, maana shingo iliyoinama ndiyo inayoumia. Tukaanza kupanda.

Ka-ka-ka-ka-ka.

Nikaanza kuhesabu. Kila mlio, nikasema moyoni: umeshika. Umeshika. Umeshika. Kileleni sauti ikakoma, na ule ukimya ndio nilioukumbuka kuliko mapindu yote kumi. Halafu maji yakaondoka chini ya boti.

Siwezi kuyapanga yale mapindu kwa mfuatano. Nakumbuka anga ikiwa chini ya viatu vyangu. Nakumbuka uzito ukinikandamiza kitini tulipoingia kwenye mzunguko wa kwanza, kisha wepesi tulipofika juu yake. Mzunguko huo haujachorwa duara kamili, umechorwa kama tone la maji lililosimama. Kwenye duara kamili, pale chini mwili unalemewa mno, na rola kosta za zamani za miaka ya 1890 ziliumiza shingo za watu. Mhandisi Mjerumani Werner Stengel ndiye aliyesaidia kuliweka sawa umbo hilo kwenye rola kosta ya Revolution, California, mwaka 1976. Nilikuwa nayajua haya yote kichwani, na sasa mwili ulikuwa unayasoma. Breki zilipotukamata nje ya jukwaa, tukangoja wa mbele waondoke, machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Nilipanda mara tatu siku ile. Jioni nikaenda kwenye ile nyingine ya pale pale, inayopanda mita 60, inafika ukingoni, inakusimamisha ukiwa unatazama ardhi wima, kisha inakuachia. Zile sekunde za kuning'inia ni ndefu. Sikuipenda kama ile ya kwanza, nasema kweli. Inakupa hofu nyingi na safari fupi.

Nilirudi na video nilizopiga nikiwa nje ya uzio. Baba alizitazama kwa makini, kidole kikifuata reli kwenye kioo cha simu. Jukwaa akaliita Kigoma. Kilele cha mlima akakiita Uvinza. Mahali ambapo treni ya mbele ilipaswa kuwa imeshapita ndipo ya nyuma iachiwe, akapaita Nguruka, na breki za mwisho Kaliua. Akanitaka nirudishe nyuma mara nyingi, akihesabu sekunde kati ya treni na treni kwa saa yake ya mkononi ya kazini. Mama alikuwa anapita na sufuria ya mawese, akatazama mara moja, akasema yeye boti la Kagunga linamtosha.

Mwaka uliofuata nilikwenda Dubai kwa mzigo wa nguo. Nikapanda basi la E101 kutoka Ibn Battuta hadi Abu Dhabi, nikafika kisiwa cha Yas kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World, kwa ajili ya rola kosta ya Formula Rossa. Ilifunguliwa mwaka 2010, na kwa miaka mingi hakuna rola kosta duniani iliyoizidi kwa kasi. Haina mlima wa mnyororo. Mfumo wa majimaji yenye mgandamizo unazungusha winchi, winchi inavuta kebo, na kebo inaitupa treni mbele mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde zisizofika tano. Wanakuvalisha miwani ya kuzuia upepo, kwa sababu kwa kasi hiyo chembe ya mchanga au mdudu inaweza kuliumiza jicho.

Safari hii nilikaa mbele. Hakukuwa na ka-ka-ka ya kuhesabu. Kulikuwa na ukimya, kisha mgongo ukagandamana na kiti na mashavu yakavutwa nyuma. Upepo ulikuwa kama kitu kigumu. Pumzi niliyovuta kabla ya kuondoka sikuweza kuitoa mpaka tulipoanza kupanda kilele cha kwanza, na pale juu tumbo likainuka, lile lile la Kibirizi.

Nilipotoka na kuchukua simu kabatini, mikono ilikuwa inatetemeka, nikamwandikia baba: "Shikamoo baba. Nimetoka Kigoma, nimepita Uvinza na Nguruka, nimeingia Kaliua salama."

Jibu likaja baada ya dakika chache: "Marahaba. Laini klia."