Nilivyozitambua kanda za redio za baba mdogo

Wimbo wa mwaka 1975 ukiutaka leo unaupata kabla chai haijapoa. Maneno aliyosema mtangazaji wakati wimbo huo unaanza, usiku ule, kwenye kituo kile cha masafa ya kati, huyapati. Vituo vingi havikuweka kumbukumbu ya matangazo ya kila siku. Kilichobaki kimebaki kwa sababu msikilizaji fulani, mahali fulani, alibonyeza kitufe cha kurekodi.

Baba mdogo wangu alikuwa msikilizaji wa namna hiyo. Alifanya kazi kwenye meli za mizigo miaka yote ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na popote alipokwenda redio kaseti yake ilikwenda naye. Zamu ikiisha usiku alikaa na kitufe cha stesheni, akizungusha taratibu mpaka asikie sauti ya dijei anayempendeza. Hapo ndipo alirekodi. Alipostaafu alinikabidhi boksi zima la kanda. "Chukua, mwanangu," aliniambia, "wewe unajua mambo ya kompyuta. Usiniharibie tu."

Tabu ni kwamba hakuandika kitu. Kwenye vibandiko kulikuwa na maneno kama "usiku", "baridi kali", "huyu anachekesha". Hakuna mji, hakuna mwaka, hakuna jina la kituo. Na yeye mwenyewe, baada ya bandari nyingi hivyo, zilikuwa zimemchanganyikia. Nilitaka kujua kila kanda ilirekodiwa wapi na lini, na nilifanikiwa kwa sehemu kubwa ya boksi. Naandika njia niliyoipitia kwa sababu najua wako wengine wenye maboksi kama hili darini.

Kwanza kanda zenyewe. Kaseti iliyokaa miongo minne haitiwi kwenye mashine na kuchezwa hivi hivi. Ndani yake mna kisponji kidogo juu ya kibati laini, kinachoubana mkanda kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma mkanda. Gundi ya kisponji hicho hukauka, kikadondoka, na sauti ikawa inakuja na kupotea. Nilifungua kaseti zenye skrubu, nikabandika visponji kutoka kaseti mpya za bei rahisi. Zile zilizogundishwa pembeni nilizipasua polepole kwa kisu chembamba, nikahamishia mkanda kwenye ganda lenye skrubu. Kila kanda niliizungusha mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, ili ilegee, kisha nikafuta hedi kwa pamba yenye spiriti. Baada ya kila upande nilifuta tena, na pamba ilitoka ya kahawia.

Kisha pembe ya hedi. Hapa ndipo wengi huachia, na hapa ndipo sauti nyingi hufia. Redio kaseti ya baba mdogo ilirekodi hedi yake ikiwa imeinama kidogo, kwa hiyo mashine yenye hedi iliyonyooka inausoma mkanda wake kwa ubutu, kila kitu kinasikika kama kiko nyuma ya blanketi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Nilitia alama ilipokuwa, nikaunganisha chaneli mbili ziwe moja, kisha nikaizungusha kwa bisibisi ndogo huku nikisikiliza herufi "s" kwenye maneno ya mtangazaji. Inafika mahali, ghafla, "s" inakuwa kali na pumzi ya mtu inasikika. Hapo unaacha. Kanda zilizorekodiwa kwenye mashine tofauti zinahitaji kurekebishwa upya kila moja. Niliingiza kwenye kompyuta kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa kutumia Audacity, programu ya bure inayotosha kabisa kwa kazi hii.

Kuna jambo nililogundua nilipoanza kusikiliza kwa makini. Baba mdogo hakurekodi nyimbo. Mwimbaji akianza tu, kanda inakatika. Wimbo ukikaribia kuisha, inarudi, na dijei anaongea. Nilipomuuliza alinijibu kwamba kanda zilikuwa ghali, na wimbo angeusikia tena kesho. Watangazaji wa Marekani nao walijirekodi vivyo hivyo studio: mashine ilikuwa inazunguka maikrofoni inapowashwa na kusimama inapozimwa, ili meneja asikilize zamu nzima ya saa nne kwa muda mfupi. Baba mdogo, bila kufundishwa na mtu, alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kwa mkono.

Sasa, utajuaje kanda isiyo na jina imetoka wapi? Dalili ya kwanza niliipata kwenye picha ya masafa, ile inayoonyesha sauti kama mistari na madoa kwenye kioo cha kompyuta. Kanda nyingi zilizorekodiwa usiku zilikuwa na mstari mwembamba uliokaa juu kabisa, juu ya maneno na muziki. Huo ni mluzi. Vituo vya masafa ya kati hupangwa kwa nafasi maalumu: kilohezi 10 katika nchi za Amerika, kilohezi 9 Ulaya na Afrika. Kituo jirani kikiingia usiku, mawimbi mawili hukutana ndani ya redio na kutoa mluzi ulio sawa na tofauti yao. Mstari ukiwa karibu na 10, baba mdogo alikuwa upande wa Amerika. Ukiwa karibu na 9, alikuwa upande huu mwingine wa dunia.

Mluzi ule ule ulinitatulia shida nyingine. Betri zikichoka, redio kaseti hurekodi polepole, na ukija kuicheza kanda hiyo kwenye mashine nzima, inakimbia. Kanda moja mstari wake ulisoma 10.3. Maana yake inakimbia kwa asilimia 3. Nilipunguza kasi mpaka mstari ukakaa kwenye 10 barabara, na yule mtangazaji aliyekuwa na sauti ya kijana mwenye haraka akawa mtu mzima mwenye sauti nzito. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi hii, kwa sababu nilijua sasa namsikia kama alivyosikika.

Dalili ya pili ni majina. Kituo cha Marekani hujitaja kwa herufi: kwa kawaida zinaanza na W upande wa mashariki wa mto Mississippi, na K upande wa magharibi. Mexico ni X, Canada ni C. Ulaya wakati ule walijitaja kwa mita za wimbi. Kwa hiyo nikisikia wanaimba "77" najua ni WABC ya New York, iliyokuwa kwenye kilohezi 770. "89" ni WLS ya Chicago. "208" ni Radio Luxembourg. Wakati mwingine jina limekatwa nusu, nikalitambua kwa jingo lake, kile kiwimbo kifupi cha kituo kujitaja. WABC ilikuwa rahisi zaidi kuliko zote: walitia mwangwi kwenye sauti za watangazaji, na saa ikitajwa inafuatwa na kengele laini.

Kuna kanda iliyonichukua muda kwa sababu herufi zilianza na C ilhali matangazo yote ya biashara yalikuwa ya Detroit, Marekani. Kumbe ni CKLW, kilohezi 800, iliyokuwa Windsor, upande wa Canada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, na kilowati zake 50 zilifika majimbo mengi ya Marekani. Mamlaka ya utangazaji ya Canada ilivitaka vituo vya AM, ndiyo masafa ya kati haya haya, kuanzia Januari 1971, vipige angalau asilimia 30 ya muziki wa Canada, na kanda ile ilikuwa na wasanii wa Canada ambao vituo vya Marekani vya kipindi hicho havikuwagusa sana. Nilipompigia baba mdogo kumweleza, akakumbuka: waliwahi kupanda na meli mpaka kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kupitia mto St. Lawrence.

Kwa tarehe, nilitumia kalenda. Dijei hutaja siku na tarehe bila kufikiri. Kwenye kanda moja ya WABC alisema ni Jumanne, tarehe 14. Katika mwaka mmoja, Jumanne huangukia tarehe 14 mara moja, mbili au tatu tu. Nyimbo alizozitaja kuwa mpya zilinipeleka mwaka 1975. Mwaka huo Jumanne tarehe 14 ilikuwa Januari na Oktoba. Kisha akatabiri theluji usiku huo. Januari, basi. Kwa Ulaya nilikuwa na alama nyingine nzuri: tarehe 23 Novemba 1978 vituo vya masafa ya kati vilihamishwa kwa mpango mmoja wa kimataifa. Radio 1 ya BBC iliondoka mita 247 ikaenda mita 275 na 285. Kanda inayotaja 247 ni ya kabla ya siku hiyo; inayotaja 275 na 285 ni ya baada yake.

Katika kuhangaika huko kote nilijikuta nikisikiliza madijei kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote redioni. Tuseme Dan Ingram, aliyekuwa WABC kuanzia 1961 hadi kituo kilipoacha muziki tarehe 10 Mei 1982. Sahani za muziki zilizopelekwa vituo vya redio mara nyingi ziliandikwa kwenye lebo sekunde za utangulizi kabla mwimbaji hajaanza. Ingram alizijaza sekunde hizo: anataja kituo, anatania tangazo lililopita, anatania hata wimbo wenyewe, na neno lake la mwisho linadondoka pale pale mwimbaji anapofungua mdomo. Hagusani naye hata kidogo. Na kwa kuwa baba mdogo alikata mwimbaji akianza, kila kipande cha Ingram kinaishia ukingoni hapo. Nilivisikiliza vingi kwa mfululizo, nikaelewa kwamba huyu mtu alikuwa mwanamuziki, chombo chake kilikuwa muda.

Larry Lujack wa WLS alikuwa kinyume chake kabisa. Haharakishi. Anaongea kama aliyechoshwa na dunia, ananyamaza pale ambapo wenzake wangepiga kelele, na ukimya wake ndio unaochekesha. Baadaye alisoma habari za wanyama pamoja na mwenzake Tommy Edwards, na mimi nadhani hakuna kipindi kilichohitaji gharama ndogo hivyo kikapendwa hivyo.

Kanda za Radio Luxembourg zina uzuri wa aina nyingine. Mchana, tabaka la chini la angahewa lenye chembe za umeme hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanapanda mpaka tabaka za juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Lakini yanafika kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo zikipingana sauti hufifia, ikapotoka, kisha ikarudi kwa nguvu. Luxembourg ilijulikana kwa hilo. Kuna programu zinazoweza kusawazisha kupanda na kushuka huko, na zingine zinafuta mkwaruzo wote wa nyuma. Nilijaribu kwenye nakala moja: mtangazaji alisikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi. Nikaacha. Niliondoa mvumo wa umeme wa mashine yangu basi, mengine yote yamebaki, kwa sababu kule kufifia ndiko kunakokuambia alikuwa baharini na kituo kilikuwa mbali.

Baba mdogo alikuja kukaa nami zilipokaribia kuisha. Nilimwekea spika nzuri, akaniomba spika ndogo ya simu. Alisema redio yake ilikuwa na sauti ya hivi. Tukasikiliza kanda ya Radio Caroline, ile iliyotangaza kutoka kwenye meli iliyotia nanga nje ya maji ya Uingereza. Miaka ya 1970 meli yao ilikuwa Mi Amigo, na ilizama katika dhoruba mwezi Machi 1980. Mabaharia wenzake, alisema, waliwapenda sana watu wale. "Sisi tulijua kukaa kwenye meli isiyokwenda popote ni adhabu gani. Na wao wanacheka tu hewani, usiku kucha." Akaniambia kwenye kanda yangu nisikilize nyuma ya sauti ya mtangazaji. Sikuwa nimeisikia kabla: mlio mdogo wa chuma unaorudi kwa mpigo ule ule. "Hiyo ni meli yetu," akasema. "Ni mlango wa chumba changu." Redio kaseti ilirekodi kwa maikrofoni yake usiku ule, na si kwa waya wa ndani.

Nilikuwa na wazo la kununua nyimbo zote na kuzirudisha mahali pake, ili kila kanda iwe kipindi kizima. Nilimwonyesha mfano wa nusu saa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia niuondoe.

"Nyimbo ziache zilivyokatika. Mimi nilikuwa namsikiliza yule bwana."

Basi nimeziweka hivyo: faili moja kwa kila upande wa kanda, jina la kituo, mwaka, na pale nilipoweza mwezi na siku. Maneno aliyoandika kwenye vibandiko nimeyatia kwenye majina ya faili kama yalivyo. Nakala moja iko kwangu, moja kwa binti yake, na moja iko kwenye simu yake, ambayo ameniomba nimwonyeshe tena namna ya kuruka kutoka kanda moja hadi nyingine.