Mkulima wa Uasin Gishu Mbele ya Ukuta wa Yerusalemu

Nimezaliwa na kulelewa katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na mji wa Eldoret, ambao wazee wetu bado wanauita Sisibo, yaani “sixty-four”, kwa sababu ya shamba nambari 64 la enzi za walowezi. Shuleni tulifundishwa kwa sentensi mbili tu kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi uwanda huu wawe na makao, na kwamba hawakuja. Swali la kwa nini hawakuja lilinikaa moyoni miaka mingi, maana sisi tunaolima hapa hatujui ardhi inayoushinda udongo huu. Nilipojiunga na mahujaji wa kanisa letu kwenda Yerusalemu mwezi wa Julai 2018, mahindi yakiwa yamekwisha kutiwa mbolea ya kukuzia, nililibeba swali hilo pamoja na Biblia yangu.

Mpango ule uliitwa mpango wa Uganda, ingawa wakati huo uwanda wetu ulikuwa umekwisha kuhamishiwa upande uliokuja kuwa Kenya. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kurudi na kuwa na taifa lao katika Nchi Takatifu, aliuwasilisha katika Mkutano Mkuu wao wa sita mjini Basel, Uswisi, Agosti 1903, miezi michache baada ya mauaji ya Wayahudi huko Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, akieleza kwamba hakuitaka ardhi hii iwe badala ya Nchi Takatifu bali iwe kimbilio la watu walio hatarini. Wajumbe 295 walikubali watu watumwe kuikagua, na 178 walikataa. Wengi wa waliotoka Urusi waliondoka ukumbini, na baadhi yao wakaketi sakafuni wakilia kama waliofiwa. Hata wajumbe wa Kishinev yenyewe walikataa. Wakaguzi watatu walifika kwetu mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukaukataa mpango na kuufunga mjadala. (Wanandi na Wamasai waliokuwa wakichunga hapa hawakuulizwa na mtu.)

Niliposoma habari za watu wazima kuketi sakafuni, nilidhani ni makeke ya wanasiasa. Usiku wa Jumamosi tarehe 21 Julai, Sabato ilipokwisha, nilibadili mawazo. Ulikuwa mkesha wa Tisha be-Av, yaani siku ya tisa ya mwezi wa Av (hiyo tisha ndiyo tisa yetu), ambapo Wayahudi huomboleza kubomolewa kwa Hekalu la kwanza na la pili, hili la mwisho likiwa limebomolewa na Warumi mwaka 70. Uwanja ulio mbele ya Ukuta wa Magharibi, ukuta uliosalia wa kiwanja cha Hekalu, ulijaa watu walioketi chini juu ya mawe, wengi wakiwa wamevaa viatu vya kitambaa kwa kuwa ngozi hairuhusiwi siku hiyo, na kila kikundi kikisoma kitabu cha Maombolezo kwa sauti ya chini. Nilimsalimu mzee aliyekuwa karibu nami, naye hakunijibu. Niliona uchungu, nikamhesabu kuwa mtu wa majivuno, hadi mwongozaji wetu aliponieleza kwamba usiku huo hawasalimiani, kwa sababu kila mmoja wao ni mfiwa. Hapo nilielewa. Kwetu pia mtu aliye matangani hadaiwi salamu. Tofauti ni kwamba matanga haya yana umri wa karibu miaka elfu mbili.

Lakini lililonigusa zaidi kama mkulima ni jambo la mvua. Mwongozaji, ambaye mababu zake waliishi Poland, alinieleza kwamba katika sala ya kila siku Wayahudi humtaja Mungu kuwa mnyeshaji wa mvua kuanzia mwisho wa Sikukuu ya Vibanda hadi Pasaka, kwa kufuata msimu wa nchi hii, popote walipo duniani. Babu wa babu yake, ambaye hakuwahi kuiona Yerusalemu, alisimama katikati ya theluji ya Poland akiitaja mvua ya vilima vya Yudea. Nimewahi kuiombea mvua mimi, tena kwa machozi, lakini mvua ya shamba langu mwenyewe. Sijawahi kuiombea mvua ya shamba nisilolijua.

Siwezi kuandika haya nikajifanya sikumwona dereva wa basi letu, Mpalestina wa Yerusalemu Mashariki, ambaye naye alituonyesha kwa kidole mtaa alikozikwa babu yake. Uhusiano wa Wayahudi na nchi hii ni wa kweli, niliuona kwa macho yangu. Wake pia niliuona.

Siku ya mwisho tulipanda Mlima Herzl. Herzl alifariki mwaka 1904 akiwa na miaka 44, kabla ya wakaguzi wake kufika kwetu, na mwaka 1949 mabaki yake yaliletwa hapa kutoka Vienna. Juu ya jiwe jeusi la kaburi limeandikwa jina lake la ukoo tu. Nilimwonyesha mwongozaji picha ya shamba langu katika simu, mahindi yakiwa yamenipita kimo, nikamwambia kwamba hii ndiyo ile Uganda. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mvua yetu huanza lini.

“Machi, au Aprili ikichelewa,” nikamjibu.

Akacheka. “Karibu na Pasaka,” akasema. “Wakati huo sisi ndio tunaacha kuitaja.”