Mbolea haijapotea, imeliwa

Ukifukia mabua makavu ya mahindi leo na kupanda kesho, usishangae miche ikigeuka njano. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki wanahitaji takriban sehemu 24 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya nitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea nyingi. Mabua yana kama 60 kwa 1, yaani nitrojeni yake haiwatoshi. Pengo hilo wanaliziba kwa kunyonya nitrojeni ya udongoni, na mizizi haiwawezi kwa mashindano hayo.

Dalili huanzia majani ya chini: njano inaingia kwenye ncha, kisha inafuata mshipa wa kati kwa umbo la V. (Ikianzia majani machanga ya juu, tafuta sababu nyingine, mara nyingi upungufu wa salfa au chuma.)

Dawa ni muda. Katakata mabua, yafukie kwenye udongo wenye unyevu wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ukichanganya na samadi iliyooza au majani mabichi ya kunde, kazi inakwenda haraka zaidi. Vijidudu wakifa, nitrojeni waliyoishika hurudi udongoni. Kuyaacha mabua juu ya udongo kama matandazo ni salama pia, maana yanagusana kidogo tu na udongo. Kuyachoma ndiko kubaya kuliko yote: potasiamu inabaki kwenye majivu, lakini nitrojeni nyingi inapaa na moshi.